"Dawa ya mifupa" ya mtoto si moja, na jua peke yake halitoshi

Ndugu Mhariri,

Mzazi akiona miguu ya mwanawe imepinda, ushauri anaoupata kwa majirani, kwenye duka la dawa na hata redioni huwa ni ule ule: mwanike juani asubuhi, mnunulie dawa ya mifupa. Kuna watoto wanaosaidika. Wengi wengine wanapoteza mwaka mzima bila nafuu, na mwaka ni muda mrefu kwa mfupa wa mtoto wa miaka 2 unaokua kila siku. Sisi tunaowaandikia na kuwapimia dawa watoto wenye maradhi ya mifupa hapa Uganda tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo moja: hakuna dawa moja ya mifupa. Yapo maradhi kadhaa yanayofanana kwa nje, kila moja lina dawa yake na kipimo chake, na dawa inayomponya huyu inaweza kumuumiza yule.

Kwanza, si kila mguu uliopinda ni mgonjwa. Mtoto mchanga huwa na miguu iliyopinda kwa nje, nayo hunyooka anapokaribia miaka 2. Baadaye magoti huanza kugusana, hasa akiwa na miaka 3 hadi 4, kisha miguu hukaa sawa kufikia miaka 7 hivi. Hapo hahitaji dawa yoyote. La kutia shaka ni mguu unaozidi kupinda baada ya miaka 2, mtoto aliyechelewa kutembea au aliyeacha kutembea, anayelalamika maumivu, au mfupi mno kuliko wenzake. Mguu mmoja tu ukipinda na wa pili uko sawa, mara nyingi tatizo si la lishe, na hakuna cha kumeza kitakachounyoosha. Huyo aonwe na daktari wa upasuaji wa mifupa mapema.

Ugonjwa wa matege wenyewe, yaani mifupa ya mtoto kukosa madini ya kuikaza, hauanzii miguuni. Shika mkono wa mtoto, pitisha kidole gumba taratibu kuelekea kiganjani. Penye ugonjwa utakuta mfupa umetanuka juu kidogo ya kifundo. Fungua shati uangalie mbavu: pale mfupa unapokutana na gegedu kuna vinundu vilivyojipanga mfululizo kama tasbihi. Picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na ya goti inatosha kuthibitisha. Ncha za mifupa, ambazo kwa kawaida zina mstari mweupe ulio wazi, zinaonekana zimetanuka, zimebonyea katikati, na ukingo wake umechakaa. Damu nayo ipimwe kalsiamu, fosfeti (madini mengine yanayojenga mfupa), kreatinini inayoonyesha hali ya figo, na kimeng'enya kiitwacho alkalaini fosfatesi, ambacho katika matege hupanda sana. Picha moja na vipimo hivyo vinne vitamwambia tabibu mengi kuliko chupa sita za dawa ya maji zilizonunuliwa kwa kubahatisha.

Kuhusu jua: ni kweli ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua, na mtoto anayefungiwa ndani au anayefunikwa kutwa anaweza kuikosa. Lakini hapa tulipo, kwenye mstari wa ikweta, jua lipo mwaka mzima, na watoto wengi wanaokuja na matege wanacheza uani kuanzia asubuhi. Kwa watoto wa namna hiyo ni lazima tuulize habari ya chakula. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Nigeria wenye matege na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliopewa kalsiamu, iwe peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Mtoto aliyeachishwa ziwa akahamia kwenye uji wa mahindi, posho (ugali) na matoke, bila maziwa wala samaki wadogo, anapata kalsiamu kidogo mno. Isitoshe, mahindi yana fitate inayoshika ile kidogo iliyopo isipenye kwenye damu. Wataalamu wa kimataifa walipokubaliana mwaka 2016 kuhusu matege ya lishe, walisema chini ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku ni hatari kwa mtoto wa zaidi ya mwaka 1, na zaidi ya 500 ndiyo inayotosha.

Basi matibabu yenyewe ni haya: vitamini D na kalsiamu kwa pamoja, kwa muda usiopungua miezi 3. Vitamini D ya kila siku ni yuniti 2,000 kwa mtoto chini ya mwaka 1, yuniti 3,000 hadi 6,000 kwa wa mwaka 1 hadi 12, na 6,000 kwa aliyezidi hapo. Kalsiamu ni miligramu 500 kwa siku, za chakula au za vidonge. Miezi 3 ikiisha na mfupa ukiwa umeanza kupona, mtoto hubaki na kipimo cha kawaida, yuniti 400 kama hajatimiza mwaka na 600 kama ameutimiza.

Makosa makubwa yanatokea kwenye hesabu ya kalsiamu, na hapa tunaomba kila mfamasia na kila mzazi asome polepole. Namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni uzito wa chumvi nzima, yaani kalsiamu pamoja na kile ilichoungana nacho, wala si uzito wa kalsiamu iliyomo. Kalsiamu kabonati ina asilimia 40 tu ya kalsiamu halisi. Kidonge cha kalsiamu kabonati cha miligramu 500 kinampa mtoto miligramu 200, hivyo anahitaji viwili na nusu kwa siku kufikia 500. Kidonge cha kabonati cha miligramu 1,250 ndicho chenye 500 kamili. Kalsiamu lakteti ina asilimia 13 tu: kidonge chake cha miligramu 300 kinatoa chini ya miligramu 40, na mtoto angepaswa kumeza karibu 13 kwa siku. Mama anaambiwa "mpe kimoja asubuhi kimoja jioni", anafuata kwa uaminifu, na mwanawe anapata chini ya sehemu ya sita ya anachohitaji. Baada ya nusu mwaka anaambiwa dawa zimeshindwa. Hazikushindwa, maana hakuzipata.

Kabonati imezwe pamoja na chakula, kwa sababu inahitaji asidi ya tumboni ili iyeyuke, na igawanywe mara 2 au 3 kwa siku. Inaweza kusagwa na kuchanganywa na uji. Isimezwe pamoja na dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma. Ziachane kwa saa 2 walau. Kwa watoto wanaotumia dolutegravi ya virusi vya UKIMWI, jambo hili ni zito zaidi, kwani kalsiamu inaishika dawa hiyo tumboni na kuipunguza nguvu. Ama zimezwe pamoja na chakula, ama dolutegravi itangulie kwa saa 2 au ifuate saa 6 baada ya kalsiamu. Maduka mengi hayaulizi, na mzazi anayeficha hali ya mtoto hasemi. Ni juu yetu tunaotoa dawa kuuliza kwa faragha na kwa heshima.

Chakula nacho ni dawa katika ugonjwa huu, na kwa familia nyingi ndiyo njia rahisi kuliko vidonge. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300 za kalsiamu, hivyo vikombe viwili vinamaliza hesabu ya siku. Mahali ambapo maziwa ni ghali, mukene (dagaa) wakavu wakisagwa pamoja na vichwa na mifupa yao, unga ukatiwa kwenye uji au mchuzi, wanampa mtoto kalsiamu nyingi kwa bei ndogo. Wakitolewa mifupa, faida hiyo inatupwa. Simsim pia inasaidia. Maziwa ya mama yasikatishwe, ila yana vitamini D kidogo sana, na ndiyo sababu mtoto mchanga hupewa yuniti 400 kila siku mpaka atimize mwaka.

Kwa upande wa vitamini D, hatari yake ni kuzidisha. Kuna chupa yenye yuniti 400 katika tone moja, na nyingine yenye yuniti 400 katika mililita nzima. Mama aliyezoea ya pili akiuziwa ya kwanza na kuvuta mililita nzima, anampa mtoto zaidi ya mara 20 ya kipimo. Boksi nyingine huandika mikrogramu, na mikrogramu 1 ni yuniti 40. Ipo pia sindano ya yuniti 300,000, ambayo hurudiwa kila mwezi au hata kila wiki "ili mifupa ikaze". Dozi moja kubwa inakubalika pale ambapo hakuna hakika ya dawa kumezwa kila siku: 50,000 kwa mtoto wa miezi 3 hadi 12, 150,000 kwa wa mwaka 1 hadi 12, na 300,000 kwa mkubwa zaidi. Inatolewa mara moja, halafu inasubiriwa miezi 3. Kwa mdomo ni bora kuliko sindano, kwa sababu inapandisha kiwango kwenye damu haraka zaidi. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili na haitoki upesi. Mtoto aliyezidishiwa hukosa hamu ya kula, hutapika, hufunga choo, hunywa maji na kukojoa sana, na figo zake zinaweza kuharibika. Akionyesha dalili hizo dawa isimamishwe siku hiyo hiyo na kalsiamu ya damu ipimwe.

Alfakalsidoli na kalsitrioli zisiuzwe kama vitamini D ya kawaida. Hizo ni vitamini D iliyokwisha kuamshwa, inaanza kazi upesi na kupandisha kalsiamu haraka. Zina wagonjwa wake, nao tutawataja.

Ufuatiliaji hauhitaji mashine kubwa. Mlaze mtoto, unganisha vifundo vya miguu, pima kwa tepu nafasi iliyopo kati ya magoti, andika namba na tarehe kwenye kitabu chake. Maumivu na unyonge hupungua ndani ya wiki chache. Miguu hunyooka polepole, kwa miezi mingi, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo inavyonyooka vizuri. Miezi 3 ikiisha, eksirei irudiwe: mstari mweupe kwenye ncha za mifupa ndiyo alama ya kupona. Hatukubaliani na haraka ya kupeleka mtoto kwenye upasuaji kabla ya hapo. Mfupa uliokatwa ugonjwa ukiwa bado hai huchelewa kuunga na hupinda tena.

Na kama mstari huo hauonekani ilhali dawa zilimezwa kwa kipimo sahihi, usiongeze dawa. Tafuta sababu nyingine. Mtoto anayetumia fenobabitoni au fenitoini ya kifafa huivunja vitamini D upesi na huhitaji nyingi zaidi. Tenofovi, dawa nyingine ya virusi vya UKIMWI, kwa baadhi ya wagonjwa huzifanya figo zimwage fosfeti. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu, zikitolewa kwa mtoto mchanga kwa muda mrefu, huishika fosfeti tumboni. Ugonjwa wa figo wenyewe unaweza kuleta matege. Na kuna ugonjwa wa kurithi ambao figo humwaga fosfeti maisha yote. Baba akiwa nao huwarithisha mabinti zake wote na hawarithishi wana wa kiume, habari ambayo ukiuliza vizuri inapatikana kwenye benchi la kungojea kabla ya maabara. Kwa watoto hawa, kalsiamu na vitamini D ya kawaida havifui dafu. Wanapewa fosfeti ya kunywa, miligramu 20 hadi 60 za fosforasi kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara 4 hadi 6, pamoja na alfakalsidoli au kalsitrioli. Fosfeti peke yake bila mwenzake huchokoza tezi zinazotawala kalsiamu na kuharibu mfupa zaidi. Isinywewe pamoja na maziwa wala kalsiamu, maana hushikana. Ikiharisha, ipunguzwe kwa kila dozi na iongezwe maji, isikatishwe ghafla. Figo zipigwe picha ya altrasaundi mara kwa mara. Tangu 2018 Ulaya na Marekani zimeidhinisha sindano ya burosumabu kwa ugonjwa huu, lakini bei yake iko mbali mno na mfuko wa familia ya kawaida, na tiba ya zamani ikifuatwa vizuri bado inawanyoosha watoto.

Sasa kuna watoto wa aina nyingine kabisa, wale ambao mifupa huvunjika kwa jambo dogo: kubadilishwa nepi, kuteleza mkekani. Wengine weupe wa macho yao una rangi ya samawati, meno yanamomonyoka. Hao wana kasoro ya kuzaliwa katika kolajeni, ule uzi ambao madini ya mfupa hujishikiza. Wazazi wao hushutumiwa kwamba wanawapiga, na hilo linatuuma. Kalsiamu haiwaponyi. Dawa inayowasaidia ni ya kundi la bisfosfoneti, ambayo huzuia chembe zinazokula mfupa. Kazi iliyofanywa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1998 ilionyesha kwamba pamidroneti, mojawapo ya kundi hilo, ikitolewa mshipani hupunguza maumivu na mivunjiko kwa watoto wenye hali mbaya. Kwa utaratibu huo, mtoto wa zaidi ya miaka 3 hupewa miligramu 1 kwa kilo kwa siku, siku 3 mfululizo, kila miezi 4.

Zoledroneti, nyingine ya kundi hilo, ni rahisi zaidi kwa familia inayosafiri kutoka Arua au Kabale, kwa kuwa hutolewa mara moja kila miezi 6, miligramu 0.05 kwa kilo. Lakini chupa yake imetengenezwa kwa mtu mzima mwenye saratani: miligramu 4 ndani ya mililita 5. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 0.5, yaani mililita 0.63 tu, na dozi yake ya kwanza hupunguzwa hadi nusu au chini ya hapo. Anayevuta kwa sindano ya mililita 10 anaweza kukosea vibaya. Tumia sindano ya mililita 1, watu wawili wafanye hesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Ichanganywe kwenye maji ya chumvi ya kawaida, kamwe si kwenye dripu ya Ringa lakteti, kwa sababu ina kalsiamu inayoigandisha dawa. Iingie kwa dakika 30 hadi 45. Watoto kadhaa wakipangiwa siku moja, chupa moja iliyofunguliwa na mfamasia kwa usafi inawatosha, na gharama inagawanyika.

Kabla ya tone la kwanza, kreatinini, kalsiamu na vitamini D ziwe zimepimwa na upungufu umesahihishwa. Hapa ndipo kuchanganya magonjwa kunapoweza kuua: bisfosfoneti ikipewa mtoto mwenye matege, kalsiamu ya damu huporomoka, na mtoto anaweza kupata degedege au moyo kuyumba. Siku moja au mbili baada ya dozi ya kwanza wengi hupata homa na maumivu ya mwili. Parasetamoli inatosha, ila mtoto wa chini ya miaka 2 alazwe aangaliwe kupumua. Mtoto aliyekatwa mfupa ili unyooshwe asubiri miezi kadhaa kabla ya dozi inayofuata, maana dawa huchelewesha mfupa kuunga. Binti aliyevunja ungo apimwe mimba kwanza, kwani dawa hii hukaa mifupani kwa miaka.

Mambo mawili hayangoji kliniki. Mtoto mwenye homa anayekataa ghafla kutumia mkono au mguu huenda ana usaha unaoanza ndani ya mfupa, na mwenye selimundu yuko hatarini zaidi. Asikandwe, asichanjwe chale, apelekwe hospitali siku hiyo apate viuavijasumu vya mshipani. La pili ni mtoto mchanga mwenye degedege bila homa: pamoja na sukari, apimwe kalsiamu. Ikiwa chini, kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 iingie mshipani polepole, si chini ya dakika 10, mapigo ya moyo yakiangaliwa. Isichomwe kwenye msuli, wala dripu isiachwe ivujie chini ya ngozi, kwa sababu huunguza nyama.

Tunaiomba Mamlaka ya Taifa ya Dawa itake kila boksi la kalsiamu lionyeshe miligramu za kalsiamu halisi, na kila chupa ya vitamini D ionyeshe yuniti kwa tone au kwa mililita, kwa herufi zinazosomeka. Tunaiomba Wizara ya Afya iwezeshe vituo vya afya vya daraja la nne kupima alkalaini fosfatesi, kalsiamu na fosfeti, ili wanaopelekwa hospitali ya Mulago, au ya CoRSU kule Kisubi, wawe ni wale tu wanaohitaji kufika huko. Nao wazazi, mnapokuja, njooni na maboksi na chupa zote ambazo mtoto amewahi kutumia, hata zilizokwisha, pamoja na kijiko au kifuniko mnachopimia. Mara nyingi jibu la kwa nini mtoto hajapona linasomeka pale.

Wafamasia, wauguzi na matabibu wa watoto,
Kampala